Dagaa Watatu Kabla ya Kisu

Daktari Halidi alinieleza vizuri kabisa, wala sina pa kujitetea. "Mama, tunampasua kesho saa nne asubuhi. Kuanzia saa mbili usiku asile kitu chochote. Maji anywe tu." Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, nikambeba Karoti kwenye kikapu mpaka nyumbani Kihonda.

Karoti ni paka wangu. Alikuja miaka minne iliyopita ndani ya kiroba cha karoti kutoka Mgeta, wakati bado nauza mboga sokoni, kitoto chenye rangi ya karoti zenyewe. Ulikuwa mwezi uleule niliomzika mume wangu, Thobias. Nilimchukua huku nikinung'unika kwamba angalau atakamata panya. Hajakamata hata mmoja, mvivu yule. Sasa alikuwa ameota uvimbe kwenye titi, mkubwa kama limau, na daktari alisema usipotolewa utamuua.

Usiku ule nilijitahidi. Nilifunika sufuria, tukalala na njaa wote wawili. Shida ilikuja asubuhi. Nina vidonge vya presha ambavyo simezi tumbo likiwa tupu, kwa hiyo nikaandaa chai, kiporo cha ugali na dagaa wa kukaanga. Karoti akaja akaketi mbele yangu, akanitazama. Kwetu Mgeta, kula huku mwenzako anakutazama ni aibu kubwa. Hata mgomvi wako akipita mlangoni unamwambia karibu. Nikalirudisha tonge sahanini. Nikampa dagaa mmoja. Akala, akanitazama tena. Nikamwongeza wawili. Watatu tu, nikajiambia, na yule daktari mwenyewe mtoto mdogo, atajuaje?

Tulipofika kliniki Halidi alinipa shikamoo, akamlaza Karoti juu ya taulo. Chini ya taulo alikuwa amepanga chupa za maji ya moto, maana mnyama akilazwa kwa dawa mwili hupoa. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akauliza, "Hajala kitu?"

"Hajala," nikasema. Mwanamke wa miaka sitini na sita, bila hata kupepesa macho.

"Vizuri. Maana akila halafu tukamlaza, anaweza kutapika usingizini, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Mwaka jana nilimpoteza mmoja hivyo hivyo. Subiri nje, mama."

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Nilisikia mashine ikimnyoa manyoya. Nilijua natakiwa kuinuka, lakini aibu nayo ina uzito wake. Nilimuwaza yule kijana akinitazama kama bibi asiyesikia la mtu. Nikajidanganya kwamba dagaa ni wadogo, labda wameshasagika. Mashine ikanyamaza. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa hatua sita kutoka kwenye benchi mpaka mlangoni. Nikausukuma bila kubisha hodi.

Alikuwa ameshika sindano, mkono mwingine kwenye paja la Karoti.

"Daktari, acha! Amekula. Nimempa dagaa watatu asubuhi hii."

Aliiweka sindano chini taratibu. Nilisubiri anifokee, na ningemshukuru. Akauliza tu, "Kwa nini, mama?"

"Siwezi kula peke yangu," nikasema. "Tangu mume wangu afariki, ni huyu tu ninayekula naye. Binti yangu yuko Mwanza, anapiga simu Krismasi na Pasaka. Nikaona kama leo anakufa, tusiagane yeye akiwa na njaa na mimi nikitafuna."

Halidi alimpapasa Karoti kichwani kwa muda. "Basi atabaki hapa hadi kesho," alisema. "Nitamlinda mwenyewe asile."

Nilirudi na kikapu kitupu. Jioni nilipika, nikapakua, nikafunika. Asubuhi chakula kilikuwa vilevile, nikawapa kuku wa jirani.

Siku hiyo nilikaa kwenye lile benchi toka saa tatu mpaka saa sita. Halidi alitoka akivua glovu, shati limelowa jasho. "Tumeutoa wote. Anaanza kuamka, njoo."

Karoti alikuwa amefunikwa blanketi, macho nusu wazi, hajui yuko wapi. Niliweka kiganja ubavuni mwake, nikausikia ukipanda na kushuka. Mkono mwingine nikashika meza.

Daktari akanitazama usoni. "Mama, umekula?"

Nilifungua mdomo niseme nimekula, nimeshiba, ahsante, kama ninavyomjibu kila mtu. Lakini hakukuwa na huyo kila mtu. Miaka minne, hakuna aliyeniuliza.

"Sijala," nikasema. "Tangu jana asubuhi." Nikaanza kulia palepale mbele ya mtoto wa watu, kwa sauti, mkono wangu ukiwa bado juu ya paka, na Halidi akanisogezea kiti.