Mguu wa Mugasha

Buberwa alifika Kashozi na boksi la askari wake arobaini, mifupa mitupu ya plastiki isiyo na tone la rangi, ili amkabidhi Dastan papo hapo. Hakuwa mtu wa kusubiri ashinde ndipo asherehekee.

Wawili hao walicheza vita vya mezani kila Jumamosi Kitendaguro: majeshi ya sanamu ndogo, dadu, futikamba, na ubishi mrefu kuliko vita vyenyewe. Buberwa, wakili, aliagiza jeshi lake ng'ambo. Dastan, mpima ardhi, alikuwa amejitengenezea jemadari: Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba katika hadithi za Wahaya. Kiunzi cha waya wa shaba, mwili wa gundi ya udongo, joho la lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, na macho ya rangi ya kucha ya mkewe.

"Huyo ni mzee wa kanisa aliyenyeshewa," Buberwa alisema alipomwona.

Ndipo wakapatana. Mtu mzima anayezijua hadithi aonyeshwe sanamu bila kudokezwa. Akimtaja Mugasha, Mugasha anacheza. Asipomtaja, Dastan atapaka rangi mifupa yote, ubavu kwa ubavu.

Dastan alimchagua shangazi yake, Ma Kokugonza, mzaliwa wa Muleba, aliyemsimulia habari za Mugasha utotoni mpaka akakojoa kitandani. Hakuzingatia jambo moja: tangu hapo shangazi amekuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia.

Mezani kwake hapo Kashozi, Ma Kokugonza alimgeuza Mugasha kiganjani, akavaa miwani, akaivua.

"Simjui."

"Shangazi, mtazame vizuri."

"Nimemtazama. Mimi Mkatoliki. Watu wa namna hii nitawajulia wapi?"

Buberwa akalisukuma boksi mpaka likagusa kiwiko cha Dastan. "Anzia mbavu, waitu. Mafuvu ni rahisi."

Lakini shangazi hakumrudisha sanamu. Alikuwa amemkunjia uso kama mtu aliyepakuliwa ndizi mbichi.

"Na hii miguu miwili kampa nani?"

"Mimi," alisema Dastan.

"Ni mmoja!" Akaukwanyua wa kushoto kama anayenyonyoa senene. "Haya."

"Bado hajamtaja," Buberwa alisema haraka. "Na hata angemtaja, Ma, mguu mmoja ni nusu mwendo. Kanuni ni kanuni."

"Nusu?" Ma Kokugonza alisimama. "Huyu anaruka toka visiwani mpaka nchi kavu mara moja, mvua inamfuata nyuma kama mbwa! Mugasha ndiye wewe unampimia nusu?"

Kisha akafanya ishara ya msalaba, upesi, kama anayefukuza nzi.

Dastan hakucheka. Alilirudisha boksi taratibu upande wa pili wa meza.

"Brashi nitakuazima."

"Ushahidi umetolewa kwa hasira," Buberwa alilalamika.

"Ndiyo maana ni wa kweli."

"Ondokeni," shangazi aliwaambia. "Padri anakuja kunywa kahawa. Sitaki amkute huyo mezani kwangu."

Dastan akamtumbukiza Mugasha kwenye mfuko wa shati, kichwa chini. Ma Kokugonza akamdaka mkono.

"Si hivyo, wewe! Mgeuze. Nimeanika kahawa nje."