Mke wa Mzee Theoneste

Saa saba mchana ni saa ya vifo. Karagwe na Kyerwa nzima hunyamaza kusikiliza Redio Engoma. Joviana aliacha kumenya ndizi za waombolezaji, akatega sikio. Mama yake alikuwa amelazwa chumbani, amefunikwa shuka.

"Mke wa marehemu Mzee Theoneste wa Igurwa amefariki dunia. Mazishi ni kesho mchana. Habari ziwafikie ndugu wote popote walipo."

Basi. Kikafuata kifo cha mtu mwingine.

"Mke yupi?" Alimgeukia kaka yake Egbert, aliyepeleka tangazo. "Baba aliacha wajane wawili. Mama mkubwa huyo hapo, anakunywa uji!"

"Watu wanajua."

"Watu wa hapa! Mjomba Arinaitwe yuko machungani huko Nyakatuntu, simu haishiki, ana redio tu. Atajuaje kuwa aliyekufa ni dada yake?"

"Wanawake ndivyo wanavyotangazwa. Usituletee mambo ya chuo msibani."

Joviana alikaza kitenge kiunoni, akachukua bodaboda mpaka redioni.

Mtangazaji wa vifo alikuwa Mzee Deodatus. Sauti yake ilikuwa imewaaga wazazi wa nusu ya wilaya.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Pole na msiba."

"Msiba wa nani? Marehemu anaitwa nani?"

Mzee alikohoa. "Mwanamke tunamtaja kwa mumewe. Ni heshima ya nyumba, tangu redio hii ianze."

"Juzi limepotea fahali la Bugomora. Mlilitaja jina, rangi, mpaka pembe iliyopinda. Mama yangu amepungukiwa nini hata ashindwe na fahali?"

Nyuma ya kioo, Avelina, fundi mitambo, aliangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Sawa, kesho mchana nitarudia..."

"Kesho mchana tunazika! Hapo hewani mnazungumza nini?"

"Chanjo ya ng'ombe," alidakia Avelina.

"Basi wafugaji wote wanasikiliza. Ingia usome sasa hivi, mzee, kwa sauti yako hiyohiyo. Mimi siondoki."

Deodatus alimtazama Avelina. Avelina alikuwa ameshafungua mlango wa studio.

"Anaitwa nani?" mzee aliuliza, safari hii kwa upole.

"Ainembabazi binti Mutalemwa, mzaliwa wa Nyakatuntu. Na umtaje kaka yake."

Akasoma. Hakuruka neno.

Kesho yake, jeneza likiwa bado sebuleni, Mjomba Arinaitwe aliingia uani na fimbo yake, buti zimejaa tope. Alisimama mbele ya watu.

"Tangazo la kwanza nililisikia," alisema. "Nikasema maskini, mke mwenza wa dada yangu. Nikaendelea kunywesha ng'ombe."

Egbert alisimama mlangoni. "Mjomba, unajua utaratibu wa redio ni..."

"Nyamaza wewe," Joviana alimkatiza. "Toka mlangoni, mpishe akamwone dada yake."