Barafu ya Nyumba ya Kungojea

Katika nchi ya Jotoni, ambako jua huwahi kazini kuliko mtumishi yeyote wa serikali, palikuwa na mashine moja tu kubwa ya baridi. Ilikaa katika Nyumba ya Kungojea. Humo walilazwa marehemu wakiwasubiri watoto wao walio mbali, kwa kuwa mila ya Jotoni ilikataza mtu kuzikwa kabla watoto wake wote hawajamwona uso. Ilikuwapo pia mila ya pili, nayo ilihusu ikulu. Mfalme akiketi, wote waketi; akilala chini, wote walale, na asiinuke yeyote kabla yake. Mlinzi wa mila zote mbili alikuwa Waziri wa Mila, mtu mpole, aliyelelewa na mama mjane.

Siku moja Mfalme alirudi kutoka nchi za baridi akiwa amenuna, akaita baraza.

"Nimeaibika," alisema. "Mwenyeji wangu alinipeleka kutazama watu wake wakiteleza juu ya barafu, wamevaa viatu vyenye visu chini. Akaniuliza, kwenu mnatelezea wapi? Mfalme mzima, nikajifanya nakohoa."

Baraza likaguna kwa uchungu. Waziri wa Michezo alifuta machozi ambayo hayakuwepo.

"Mtukufu, baridi tunayo," akasema. "Iko Nyumba ya Kungojea, inatumiwa na watu ambao hata hawaisikii."

Wakacheka sana. Mfalme akamgeukia Waziri wa Mila. "Nawe wasemaje? Mila inaruhusu?"

Jibu Waziri alilijua. Kila mtu barazani alilijua, ndiyo maana wote waliinama wakatazama kucha zao.

"Mtukufu," akasema, "mila inataka marehemu angojewe. Haikutaja angojewe kwa muda gani."

"Huyo ndiye msomi!" Mfalme akafurahi.

Basi mashine ikahamishiwa uwanjani, ikagandishe barafu ya kutelezea. Tangu hapo aliyekufa asubuhi alizikwa kabla ya magharibi, na mtoto aliyekuwa safarini alifika akaonyeshwa tuta la udongo mbichi. Watu walilia, kisha wakaanza kunung'unika. Mama yake Waziri wa Mila alimwita chumbani.

"Nasikia maneno yale uliyasema wewe."

"Mama, hayo ni mambo ya serikali."

"Na mimi nikifa? Mwanamize yuko kule machimboni mpakani. Dada yako utamwonyesha nini?"

"Nitahakikisha anakuona, mama. Nakuahidi."

Mama alifariki alfajiri ya siku ya kufungua uwanja. Waziri alikimbia ikulu, akaomba mama yake alazwe pembeni mwa barafu hadi dada afike jioni.

"Leo nina wageni," alisema Mfalme. "Unataka wakute maiti kwenye barafu yangu? Usinitie aibu mara ya pili."

Waziri akaomba radhi. Mama yake amelala kitandani kwenye joto lile, na yeye ndiye aliyeomba radhi! Akawaachia majirani mazishi, akaenda kuvaa viatu vya visu.

Alasiri, mbele ya yule mwenyeji wa nchi za baridi, Mfalme aliingia uwanjani, mawaziri wake nyuma. Alipiga hatua moja, akapepesuka, akaanguka kifudifudi. Papo hapo mawaziri wote wakajitupa chini kwa kishindo, kama mila ilivyotaka. Mfalme akajaribu kuinuka, akateleza. Akajaribu tena. Wakabaki hivyo, mashavu kwenye barafu, kama samaki sokoni. Mgeni aliuliza kwa heshima kama huo ndio mchezo wenyewe.

Ndipo lango likafunguliwa. Watu waliingia wamebeba marehemu wao wa siku ile kwa machela, wakinyunyiza majivu ya jikoni mbele yao ili wasiteleze. Hakuna aliyepiga kelele, wala aliyelala chini kumfuata Mfalme. Waliwalaza marehemu taratibu katikati ya mawaziri, wakasimama kungoja watoto.

Waziri wa Mila aligeuza shingo akakutana na uso wa mama yake. Alilala hivyo karibu naye hadi jioni, miguu yenye vumbi ilipokuja kusimama pembeni. Alikuwa Mwanamize. Aliinama, akamtazama mama, akamfunika.

"Nimemwona," alisema. "Tukamzike. Kaka, inuka ushike machela."

Majivu yalikuwa chini ya kiganja cha Waziri. Ilikuwa kuyakandamiza tu na kusimama, na moyo wake ulitaka. Lakini shingo ilikwisha kuzoea. Iligeukia kwanza upande wa Mfalme, kuangalia kama ameinuka.

Mwanamize aliona alikoangalia, na watu wote waliona. Hakumlaumu. Alimwita jirani ashike upande ule uliokuwa wazi, wakaondoka na mama.

Barafu ilianza kuyeyuka chini ya shavu la Waziri. Mfalme alikuwa bado hajainuka.