Akisema Naondoka

Msusi na mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, walikuwa wamekubaliana jambo moja tu kwa mwaka mzima: kwamba ndoa yao imekwisha. Mengine yote ni mabishano, hata nani aliyevunja mkono wa birika. Kwa hiyo waliposema wataachana kwa mazungumzo, si kwa kesi, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Hao wawili wakae meza moja? Basi meza yenyewe iwe ya chuma!

Ilikuwa ya mbao, tena ya kawaida, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa, na dirisha lake lilitazama uani. Upande mmoja wa meza alikaa msusi na wakili wake, bibi mkavu asiyecheka ovyo, ambaye msusi alimpa jina la Mwembamba. Upande wa pili fundi na wakili wake, Mnene, mtu wa soga na leso ya kufutia jasho. Siku ya kwanza wote wanne walitia saini kwamba watasema kweli na hawatapelekana mahakamani. Atakayemtishia mwenzake kwa kesi, basi, mawakili wote wawili wanajitoa, na kila mtu akatafute wakili mwingine aanze alifu kwa ujiti.

Msusi alitia saini kabla hajamaliza kusoma. Alikuwa na sababu yake. Wazazi wake waliachana mahakamani, na yeye, akiwa na umri wa miaka tisa, aliulizwa mbele ya hakimu anataka kuishi na nani. Akasema mama. Baba yake alikuwa amekaa palepale, akasikia. Hakumgombeza hata siku moja, lakini tangu hapo hakumtania tena. Sasa msusi ana binti wa miaka sita, anaitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haulali, na alikuwa ameapa kwamba swali lile Chiriku hataulizwa na mtu yeyote.

Kikao cha tatu kilikuwa cha mtoto. Fundi alitaka Chiriku alale kwake siku mbili katikati ya wiki.

"Nyumba ina nafasi," alisema. "Na mimi ni baba yake, si mjomba wa kuja kusalimia Jumamosi."

"Nyumba yako iko mgongoni mwa karakana," msusi akasema. "Karakana si mahali pa mtoto, Baba Chiriku. Unajua ninachosema."

Alijua. Miezi michache nyuma Chiriku alimkodolea baba yake macho akichomelea, bila kioo cha kujikinga, na usiku macho yakavimba, mtoto analia kwamba yamejaa mchanga. Daktari alisema ni ule mwanga. Fundi akashikilia kwamba ni vumbi. Alishikilia hospitalini, akashikilia nyumbani, na mtu ukimwona anavyoshikilia ungedhani analipwa.

"Vumbi hilo!" alifoka sasa. "Mtoto kaingiwa na vumbi, basi mimi sifai? Haya, kama unataka kunichafulia jina, twende mahakamani! Tutaonana huko. Mimi naondoka!"

Akasimama, kiti kikaanguka, mlango ukalia pwaa. Mdomo umeponza kichwa.

Mnene alijifuta jasho. Mwembamba alifunga kalamu yake taratibu. "Pole, mama," alisema. "Umesikia mwenyewe. Mkataba ndivyo unavyosema."

Hapo ndipo wahenga waliposema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Kwa sababu mahakamani msusi angeshinda, na kila mtu mle chumbani alilijua hilo: karatasi ya hospitali anayo, daktari yupo. Fundi angebaki na Jumamosi zake, na pengine hata hizo kwa kusimamiwa. Lakini Chiriku angeitwa, angeketishwa kwenye kiti kirefu, na angeulizwa kwa sauti ya upole.

"Mkataba unasema mfunge mafaili baada ya dakika ngapi?" msusi akauliza.

Mwembamba alimtazama. "Hausemi."

"Basi msifunge. Mimi nimeishi na mtu huyu miaka minane. Akisema naondoka, anafika getini, anakagua bawaba, anarudi. Hajawahi kuvuka."

Mnene alidhani ni mzaha. Akasogea dirishani pamoja naye. Chini uani, fundi alikuwa amesimama mbele ya geti la jengo, analisukuma na kulivuta, analisukuma na kulivuta. Lilikuwa linalia vibaya. Akachuchumaa. Akatoa kikopo cha grisi kwenye mfuko wa suruali, maana mtu huyu hata harusini alikwenda na grisi, akaanza kupaka.

"Makubwa!" Mnene alinong'ona.

Fundi aliporudi, mikono ilikuwa myeusi. Aliinua kiti, hakukaa.

"Bawaba ya chini imeliwa," alisema. "Ibadilishwe." Kisha akamgeukia msusi, na sauti ikashuka. "Halikuwa vumbi, Mama Chiriku. Ni mimi. Nilimwona amesimama pale, nikasema namalizia kidogo tu. Habari za mahakama nazifuta. Nisameheni."

Msusi alitaka kulia, akajizuia. Neno hilo moja angelipata mapema, pengine wasingefika kwenye meza hii. Pengine wangefika tu.

Tishio likawa limefutwa, Mwembamba akafungua tena kalamu yake, na baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Jumatano na Alhamisi Chiriku atalala kwa baba yake, na siku hizo shule ikitoka, karakana inafungwa kwa kufuli. Waliandika, wakasoma, wakatia saini, na alama ya dole jeusi ikabaki pembeni mwa karatasi.

Fundi akasimama. "Haya, Mama Chiriku," alisema kwa upole. "Mimi naondoka."

Msusi alikwenda dirishani. Fundi alivuka ua, akalisukuma geti, na geti halikulia. Hakuitazama bawaba. Alitoka, akalirudisha nyuma yake, akashika njia.

"Kuna kitu tumesahau?" Mwembamba akauliza, akikusanya karatasi.

"Hapana," msusi alisema, na akaendelea kusimama pale, akilitazama geti.