Udi Upindoni

Elijah alilijua lile joho la zambarau kabla halijatua mezani. Upindo wake ulishonwa kwa uzi mweusi, mishono mirefu kwa mifupi, kwa sababu marehemu mkewe, Phyllis, alikuwa haoni vizuri na mbishi wa kuvaa miwani.

"La askofu wao hawa Wakristo, kaja jana kutoka Kenya. Nnalitaka kabla ya sala ya Ijumaa," alisema Bakhit, mwenye duka la dobi hapo Khuwair ya Kusini, Maskati, akairudia kahawa yake.

Askofu wao. Zamani askofu alikuwa Elijah mwenyewe, na Mike alikuwa shemasi wa kumbebea Biblia. Kisha Elijah akamkatalia mbunge kuhutubia madhabahuni. Wazee wa kanisa wakamvua joho, wakampa Mike, na juu ya hayo wakamtenga na meza ya Bwana. Tangu hapo hajaonja ule mkate. Maskati hakuna ajuaye. Kwao yeye ni mzee wa pasi tu. Lakini leo alikuwa amekata shauri: baada ya ibada ya jioni atamfuata Mike, amwombe amfungulie, arudi mezani.

Alilipiga pasi kwa mapenzi ambayo kanzu za wateja hazijawahi kuyapata. Kisha, kwa mazoea ya mkono, akalitundika juu ya chetezo kama afanyavyo kwa kila kanzu ya hapo, udi ukalifukiza hadi makwapani.

Pauline, muumini wa kanisa hilo aliyelileta, alilichukua, na alasiri akarudi nalo, uso umemshuka.

"Mzee, askofu amekataa kulivaa. Kanisa letu halitaki ubani wala udi, ni mambo ya mizimu. Sheria aliiweka yule askofu waliyemtoa. Yeye walimtoa, sheria wakabaki nayo."

Elijah aliikumbuka siku aliyoiweka. Alimtenga na ushirika mjane aliyefukiza nyumba baada ya kumzika mumewe. Mama yule alirudi mara nyingi kuomba afunguliwe. Hakumfungulia.

Alilifua kwa mkono, huku akilia kidogo, akalianika nyuma ya duka. Jua halikuchelewa. Joho likawa lanukia sabuni tupu, isipokuwa upindoni. Humo, katika uzi wa Phyllis, udi ulikuwa ungalipo.

"Nimwambie nani amelifua?" Pauline aliuliza.

Elijah alilikunja joho, upindo kwa ndani, akampa.

"Mwambie limekauka."

Pauline akaenda. Bakhit akaleta kanzu nyingine, na Elijah, saa ya ibada ikiwadia, akainama kupuliza makaa ya chetezo.