Kadi ya Malkia

Hakuna aliyemlazimisha Tata Kyungu kusema uongo. Tuanze hapo, maana watu wa Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, wanapenda kumlaumu karani wa mifugo, wengine serikali, wengine shetani. Mzee alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ya chanjo ya mbwa.

Mbwa wake, Malkia, alimwokota nyuma ya mabucha ya soko la Manika, angali mdogo wa kubebwa kiganjani. Alipokua, sikio moja lilisimama na la pili likalala. Mbwa wa kijijini kabisa. Lakini Kolwezi tuna desturi yetu: ukimpeleka mbwa kuchanjwa, unamwomba karani aandike kwenye kadi kwamba ni berje, yule mbwa mkubwa wa Kijerumani wanaomtumia walinzi wa machimbo. Karani anaandika, haimpunguzii kitu. Mwizi akisikia habari hiyo anakwenda kujaribu bahati kwa jirani, na mwenye mbwa anatembea kifua mbele. Kyungu alikuwa mstaafu wa mgodi, hana kitu ila nyumba ya zamani ya kampuni na jina zuri kanisani. Kifua hicho alikitaka sana. Akaandikiwa, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, akaongeza kwamba Malkia alipewa na injinia Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao.

Uongo huo ungezeeka bila kumdhuru mtu, kama mke wake asingefia hospitalini Lubumbashi. Aliyemrudisha marehemu nyumbani, zaidi ya kilomita mia tatu, ni jirani yake Twahiru, Mwislamu mwenye lori. Alishusha mizigo ya watu ili jeneza lipate nafasi, na hata mafuta hakutaka kurudishiwa. Kyungu hakuwa na cha kumshukuru. Malkia alipozaa, alichagua mtoto mwenye nguvu kuliko wote, akampelekea.

"Tata Twahiru," alisema, "hii ni berje ya kweli. Italinda depo yako."

Twahiru alimpokea mtoto wa mbwa kwa mikono miwili. Akamwita Chui, akamjengea kibanda mlangoni pa ghala, na kadi yake ikaandikwa sawa na ya mama yake.

Halafu mwaka huu mbwa wa walinzi wa machimbo fulani wakamrarua mchimbaji aliyepenya chini ya ua. Alikufa njiani, amepakiwa kwenye pikipiki. Wenzake wakachoma matairi barabarani siku mbili. Ili mji utulie, wakubwa wakatoa amri: berje, rotivaila na pitibuli ni mbwa wa hatari, wote wauawe. Wale wa machimbo waliachwa, ati kwa sababu wako kazini. Wa majumbani watafutwe kwa kadi za chanjo. Basi waliomrarua mtu wakabaki hai, wakatafutwa wale walioandikwa vibaya.

Kyungu alikwenda ofisi ya mifugo asubuhi na mapema, kabla watu hawajafika. Karani, kijana anayeitwa Ruffin, alikuwa peke yake.

"Ruffin, mwana yangu," mzee alinong'ona, "ile mbwa yangu haiko berje."

"Tata, tangu jana mbwa yote ya Kolwezi inageuka ya kijiji."

"Minasema kweli. Nilikudanganya."

Ruffin aliweka kalamu chini. Alikuwa na huruma, tusimnyime haki yake. "Najua, tata. Ile sikio niliionaka. Lakini mi peke siwezi kufuta. Ulete majirani mbili, baseme hapa mbele yangu ni mbwa ya kijiji, batie sinyatire ku karatasi. Mwisho kazi ine. Kazi tano polisi banapita."

"Mbili tu?"

"Mbili tu. Mbwa mama akitoka ku liste ya polisi, na mutoto yake ya kwa Tata Twahiru anatoka."

Ilikuwa Jumatatu, na kazi ine kwetu ni Alhamisi. Siku nne za kutafuta majirani wawili, naye Twahiru anakaa nyumba ya pili kutoka kwake! Mke wa Twahiru, Mama Safi, angekuwa shahidi wa pili. Kyungu alikwenda moja kwa moja hadi ghalani. Akamkuta Twahiru amechuchumaa, anamlisha Chui bukari, ule ugali wetu, iliyochanganywa na vichwa vya samaki. Macho ya Twahiru yalikuwa mekundu.

"Batu bananiambia niseme ni mbwa ya kijiji," Twahiru alisema. "Siwezi, tata. Wee ulinipatia hii mbwa na moyo yako yote. Sasa mi niende kuapa bongo, kitu ya uongo, nikufanye wee mubongo mbele ya batu?"

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Neno moja tu, na mbwa wawili wanapona. Kyungu alifungua mdomo. Akaliona lile lori uani, akaliona na jeneza juu yake, akaona aibu ya kumwambia mtu huyu kwamba wema ule aliulipa kwa uongo. Akauliza habari za matairi. Wakazungumza matairi nusu saa, kisha akaaga.

Majirani wengine hakuwaendea, maana neno lingemfikia Twahiru siku hiyo hiyo. Jumatano alirudi, akaomba kiberiti. Alhamisi alifika getini, akasikia Twahiru anacheka na watoto wake, akageuka. Jioni alikaa na Malkia jikoni akamweleza yote, kwa sauti, kila kitu, tangu mabucha ya Manika. Mbwa alimsikiliza vizuri. Mimi nina hasira na mzee huyu hadi leo, na bado siapi kwamba ningefanya tofauti.

Ijumaa polisi waliwakusanya mbwa kwenye uwanja nyuma ya ofisi. Waliwaogopa, kwa hiyo wakaamuru kila mwenye mbwa amshike wa kwake. Kyungu alipiga goti, akamkumbatia Malkia shingoni. Askari alimwambia ageuze uso. Malkia alikuwa anamlamba mkono risasi ilipompata, na mkono ukabaki na mate yake. Chui alifuata. Twahiru alimshika mwenyewe hadi mwisho, huku midomo yake ikisoma dua.

Waliwafukia pamoja nyuma ya ghala. Twahiru ndiye aliyechimba. Udongo uliposawazishwa, Twahiru alijifuta jasho, akamshika jirani yake begani.

"Tata Kyungu, mbwa kama ile sitapata tena. Ulinipatiaka kitu ya kweli. Mungu akulipe sawasawa na moyo yako."

Kyungu aliangalia chini.

"Amina," akasema.