Msichana wa Hadithi ya Nne

Nimefundisha fasihi miaka thelathini na moja, na vitabu vingi nilivyofundisha sikuvisoma hadi mwisho. Mnashangaa nini? Waulizeni walimu wenzangu, wale wenye ujasiri wa kusema kweli. Mimi nilikuwa mtunzi wa miongozo. Mwanafunzi hana muda wa riwaya, anataka dhamira, wahusika na ishara, kila kitu na namba yake, akariri, afaulu, maisha yaendelee. Nilikuwa nachukua kalamu nyekundu, napekua kurasa, nawinda. Kitabu kina njia? Njia ni safari ya maisha. Kina giza? Giza ni ujinga. Kina maji? Maji ni uhai, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Wiki moja, mwongozo tayari. Watu wakaniita Mwalimu Mwongozo, nami nikalipenda jina hilo, nikavimba kichwa.

Kwa hiyo binti yangu alipotoa kitabu chake cha kwanza, hadithi fupi sita zinazounganishwa na maji, na mkutubi akaniomba nikizungumzie siku ya uzinduzi, sikuona mlima wowote wa kupanda.

Binti huyu tulimwita Chiriku kwa sababu utotoni alikuwa haishiwi maneno. Ukubwani akanyamaza. Ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea nyuma ya soko, na ndoa yake ilivunjika miaka sita iliyopita. Kitabu aliniletea mwenyewe nyumbani. Hakukiweka mezani, alikishika mpaka nikakipokea.

"Baba, nakuomba kitu kimoja," akasema. "Kisome chote. Hiki nataka ukisome, usikiwinde."

"Unanifundisha kazi niliyoanza kabla hujazaliwa?"

"Sikufundishi. Nakuomba."

Mama yake, ambaye alishakisoma kikiwa bado madaftari, akawa ananiuliza kila siku nimefika wapi. "Nimefika pazuri," nilimjibu. Pazuri penyewe ni ukurasa wa tatu. Pale niliona glasi ya maji. Nikarukia hadithi ya pili, glasi nyingine. Ya tatu, kikombe. Nikatoa kalamu yangu, na saa mbili zikatosha.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa maktaba ulijaa mpaka viti vya plastiki vikaazimwa kwa jirani. Nilivaa koti langu la mahafali. Nikashika kipaza sauti, mara mwalimu ndani yangu akaamka.

"Ndugu zangu," nikasema, "katika hadithi zote sita kuna mtu anayefika amechoka, na kuna mtu anayempa maji. Mfanyakazi anafika kwa bosi wake, anapewa maji. Mjane anafika kwa mashemeji, anapewa maji. Binti anafika kwa baba yake, anapewa maji. Maji haya ni nini? Kwanza, ni uhai. Pili, ni utakaso. Tatu, ni upendo."

Wakapiga makofi machache, ya adabu. Nilidhani wameguswa sana.

Akasimama mama mmoja muuguzi, hata sare ya kazini hajavua. Nakala yake ilikuwa imekunjika pembe zote.

"Mwalimu, nina swali kwenye hadithi ya nne. Yule msichana anafika kwa baba yake na begi. Baba anampa maji, anamwambia kunywa kwanza, upumzike. Wewe umesema huo ni upendo. Sasa akishakunywa, kinatokea nini?"

Ile glasi ya hadithi ya nne nilikuwa nimeipigia mstari. Kilichofuata baada ya glasi sikukijua. Nikakohoa, nikatafuta njia ya panya.

"Anapata nguvu mpya," nikasema, "ya kukabiliana na maisha."

Mtu wa nyuma akacheka kidogo, akajizuia.

"Baba anambebea begi hadi kituo cha basi," muuguzi akasema taratibu, kama anayempa mgonjwa majibu yake. "Anamrudisha kwa mume. Siku ya nne mume anamvunja mkono. Hadithi zote ziko hivyo, Mwalimu. Mtu anakuja na neno lake, anapewa maji ili asiliseme."

Jamani. Mkono wa kushoto wa Chiriku una kovu juu ya kiwiko. Tuliambiwa ameanguka kwenye ngazi, na mimi nikawaambia watu ameanguka kwenye ngazi. Begi lilikuwa la bluu, zipu mbovu. Nililibeba mimi, huku nikijisifu moyoni kwamba nimeokoa ndoa ya mwanangu. Kesho yake nilisimulia ofisini kwa walimu, tukanywa chai. Pale mbele ya watu nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Chiriku akainuka kiti cha mbele, akanipokea kipaza sauti.

"Kila msomaji ana haki ya maoni yake," akasema. "Tumshukuru Mwalimu."

Hakusema Baba. Niliondoka kwa mlango wa pembeni, nikakisahau kitabu changu mezani.

Asubuhi yake mke wangu aliweka nakala yake kando ya chai yangu. Nikasoma mstari kwa mstari, bila kalamu.

Ni kitabu kizuri, na sisemi hivyo kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Ofisini kwa bosi glasi inaletwa kwenye sinia, baridi mpaka inatoa jasho, na yule mfanyakazi aliyekuja kulalamikia mashine iliyokata vidole vya mwenzake anainywa yote kwa sababu hajawahi kukaribishwa hivyo. Anatoka akishukuru. Kwa mjane maji ni ya uvuguvugu, yameachwa juani makusudi. Na hadithi ya sita, bibi kizee anafunika glasi kwa kiganja, anasema, "Nitakunywa nikishasema." Hapo nililia, mtu mzima na miwani yangu. Miaka thelathini na moja nawaeleza watoto wa watu maji ni nini, na sikuwahi kumwangalia anayeyanywa.

Ya nne niliisoma mara tatu. Msichana anakaa, anafungua mdomo, na kabla hajatamka chochote baba ameshamletea maji. Hasemi kitu hadi mwisho. Baba hajui. Nami nilikumbuka hivyo hivyo: alikuja, akakaa kimya, nikampa maji. Sikujua. Aibu ilinichoma, lakini neno hilo moja nililishikilia kama mgonjwa anavyoshikilia ukuta.

Nikaenda kwake sokoni. Nilimkuta anapinda sketi za shule. Kitabu changu kilikuwa juu ya meza ya kukatia.

"Umepiga mistari arobaini na moja," akasema bila kuinua macho. "Yote chini ya maji."

"Sikukisoma, mwanangu."

"Najua."

"Sasa nimekisoma. Nimekuja kukuomba radhi. Kwanza, kwa uzembe. Pili..."

"Baba, usinipe namba."

Nikafunga mdomo. Cherehani ikala pindo zima, ikageuka, ikala jingine.

"Laiti ungesema siku ile," nikasema. "Yule baba wa kwenye hadithi hakujua. Na mimi sikujua. Ningejua, nisingekurudisha."

Akasimamisha cherehani. Akakata uzi kwa meno, akaikunja sketi vizuri, akaiweka juu ya zile nyingine.

"Hadithi ile nimeiandika mara tisa," akasema. "Mara nane za mwanzo msichana anasema. Anafika mlangoni, hata hajakaa, anasema, 'Baba, ananipiga.' Nikimaliza, nikiisoma, yule baba anakuwa mtu ambaye siwezi kumsalimia tena. Na baba ninaye mmoja. Mara ya tisa nikamnyamazisha msichana."

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na sababu tayari, miaka sita nimezipanga. Lakini nilimwona: mlangoni, begi halijashuka begani, mimi na gazeti langu. Ananipiga, Baba. Nikakunja gazeti, nikaenda jikoni. Nilisimama kule muda mrefu kuliko glasi moja inavyohitaji, nikiomba nikirudi awe ameacha kusema. Nikarudi, na kweli alikuwa ameacha.

"Nilikusikia," nikasema.

Mteja alikuwa ameshafika mlangoni, mwanamke na kitambaa chake kwapani, anatutazama. Nikamwangalia binti yangu, nikitumaini atamkaribisha mteja, tuyaache.

"Sema tena, Baba," akasema. "Sijakusikia vizuri."

Nikasema tena, kwa sauti, mwanamke yule akisikia: "Uliniambia anakupiga, na nilikusikia."